Utando kwenye mabamba yako

Isevya, Tabora
12 Januari

Mpendwa Ndugu Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Bamba lako la dageroti (ile picha ya kizamani inayopigwa moja kwa moja juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha) ulilotuma kwa treni limefika salama, nami nimeligeuzageuza dirishani mpaka shemeji yako akauliza kama nimenunua kioo cha kunyolea ndevu. Jengo la stesheni ya Kigoma linaonekana, ila limefunikwa na utando mweupe, na anga imegeuka buluu.

Wewe unailaumu iodini, ambayo mvuke wake hulifanya bamba lihisi mwanga, lakini utando huo umefika hadi kwenye kingo zilizofichwa na kishikio, ambako mwanga wa kamera haukufika kabisa. Kwa hiyo kasoro imeingia kabla ya kamera au baada yake. Kwa kuwa unafuata njia ya Edmond Becquerel ya mwaka 1840, inayoidhihirisha picha kwa mwanga mwekundu baada ya kamera badala ya mvuke wa zebaki (wala usiiache, maana zebaki si kitu cha kuchemshia katika nyumba yenye watoto), mimi naishuku kwanza ile plastiki yako nyekundu. Chukua bamba lililofukizwa iodini ambalo halijaingia kwenye kamera, lifunike nusu kwa kadibodi, uliweke juani chini ya plastiki hiyo kwa muda wako wa kawaida, kisha ulioshe kwa sodiamu thayosulfeti, ile dawa ya kuondoa iodini iliyobaki ili bamba lisihisi mwanga tena. Ukungu, yaani utando ule mweupe, ukitokea upande ulio wazi peke yake, ama plastiki inapitisha mwanga wa buluu, ama unalianika mno. Ukitokea pande zote mbili, basi mwanga ulilifikia mapema, ulipokuwa ukikagua rangi ambayo iodini imelipa bamba; baada ya ukaguzi, lirudishe juu ya iodini gizani kwa sekunde chache, kwani mvuke huo hufuta athari ya mwanga.

Buluu ya anga ni jambo dogo: umeacha lenzi wazi muda mrefu mno.

Mvua hizi za ziwani nazo zisipuuzwe. Lipashe bamba joto kidogo kabla ya kulifukiza, na ukisha kulisugua kwa mahameli lipulizie pumzi. Mvuke usipotoweka sawasawa, bado lina mafuta. Vile vidoa vya pembeni vinatokana na maji ya bomba, hivyo suuza mwisho kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi.

Usipake dhahabu (ile hatua ya mwisho ya kuimarisha picha) bamba lolote kwa sasa, kwa kuwa kloridi ya dhahabu ni ghali na haiondoi ukungu. Nitumie kwanza hilo la nusu kwa nusu.

Wako,
Hamisi