Mdogo wangu ameacha unga, lakini huzuni imemwelemea na ndugu wanataka aoe

Ndugu mshauri na wasomaji wenzangu, assalamu alaykum. Poleni na majukumu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Dar es Salaam. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, ambaye ninaishi naye hapa nyumbani pamoja na mume wangu. Mdogo wangu alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka mingi. Huu ni mwaka wa pili anakunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kumtibu aliyezoea unga, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hajarudi kijiweni. Kila ninayemweleza hilo hunijibu, "Alhamdulillahi, basi yamekwisha." Hayajakwisha, jamani, na ndiyo sababu ya barua hii.

Enzi za unga nilijua napambana na nini. Nilijua arosto, ile hali ya mwili kudai unga, inavyoanza: miayo, makamasi, vinyweleo kusimama, halafu viungo kuuma na tumbo kuharisha. Nilijua kufungia sufuria na pasi chumbani. Nilijua sauti ya pusha akija kudai chake. Sasa hivi hakuna hata kimoja kati ya hayo. Mdogo wangu anaamka alfajiri, anaoga, anapanda daladala mbili mpaka kliniki, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kwenye karakana ya kuchomelea mageti alikotafutiwa kazi na rafiki wa mume wangu. Jioni anarudi na hela ya mboga. Hagombani na mtu. Ukimtazama kwa nje utasema huyu amepona.

Lakini hana furaha hata chembe. Alikuwa shabiki wa Yanga wa kulia machozi. Leo Yanga ikifunga wanangu wanaruka juu ya makochi, yeye anatazama tu, halafu anaaga kwenda kulala. Na usingizi wenyewe haupati, maana usiku wa manane namsikia akifungua mlango wa uani na kwenda kukaa nje. Siku moja nilimpikia papa wa nazi, kitoweo ambacho zamani ungemkuta anakwangua sufuria. Akala, akashukuru, akaniambia, "Dada, najua ni mtamu. Lakini najua kwa akili tu." Nilikosa la kumjibu.

Mshauri nasaha wa kliniki alinieleza, na maelezo yake yalinisaidia sana. Alisema mtu akitumia unga kwa miaka, akili inazoea raha kubwa inayokuja upesi, mpaka vile vitu vidogo vya kila siku, chakula, mpira, mazungumzo, vinakosa ladha. Akiacha, ladha hairudi kwa wiki moja. Arosto ya mwili huwa kali siku za mwanzo, kisha inafifia. Huu uzito wa moyo unaweza kuchukua miezi, na kwa wengine hata zaidi ya mwaka. Kuhusu methadoni, alisema inamkinga na arosto na ile kiu ya unga kwa siku nzima, ila nayo ina yake: jasho, kufunga choo, kusinzia, na kwa baadhi ya wanaume kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Daktari naye alimuuliza kuhusu usingizi, kula na kukata tamaa, akasema anaona dalili za sonona, na kwamba sonona inatibika. Akamwandikia aonane na mtaalamu wa saikolojia. Alikwenda mara chache tu. Mtaalamu ni mmoja, foleni ni ndefu, na kule karakana walishaanza kumnung'unikia kwamba anafika saa nne wakati wenzake wameanza saa mbili. Akaacha. Siwalaumu wale wahudumu, wanajitahidi na wagonjwa ni wengi.

Kinachoniuma kuliko yote ni kwamba mdogo wangu hana ruhusa ya kuhuzunika. Mtu mwingine akinyamaza, watu husema ana mawazo. Yeye akinyamaza, wanamkazia macho waone kama mboni zimekuwa ndogo. Akilala mchana, wanaulizana amelazwa na nini. Akikawia chooni, kuna atakayegonga mlango. Shangazi yetu akija kututembelea, pochi yake huiweka kochini ubavuni mwake. Mdogo wangu akitokeza tu sebuleni, pochi inahamia mapajani. Anaona. Siku hizi akijua shangazi yupo, hupitia mlango wa uani na kwenda moja kwa moja chumbani. Sisemi shangazi ana roho mbaya. Aliibiwa kweli enzi zile, na imani ikishavunjika hairudi kwa kuamrishwa. Lakini mwenzetu naye ni mtu, na anayatazama haya kila siku akiwa na akili yake timamu, hana tena cha kumlewesha asiyaone.

Kuna jambo la mama pia. Mama yetu alifariki huyu mtoto akiwa kijiweni. Tulimtafuta Magomeni, Kigogo, mpaka Kariakoo, hakuonekana. Maiti haisubiri, tukazika. Alipopata habari, hata arobaini ilikuwa imeshapita. Wakati ule hakulia. Kilio kimekuja sasa, wakati sisi wengine tulishaanua tanga zamani. Majuzi tulikuwa uani nachambua mchele, akaniuliza mama alikula nini siku ya mwisho. Nikamwambia uji wa mtama, vijiko vitatu, cha nne akakikataa kwa mkono. Akauliza nani alikuwa anamlisha. Mimi. Akauliza uji ulikuwa na sukari au la, mama alikuwa amevaa kanga gani, redio ilikuwa inaongea au imezimwa. Nilimjibu kimoja kimoja. Mume wangu alipoingia, mdogo wangu akainuka haraka akaenda kujimwagia maji, kwa sababu macho yalikuwa mekundu na anajua watu wa nyumba hii wakiona macho yake mekundu wanawaza nini.

Na Ramadhani iliyopita ilikuwa nzito kwake. Dozi anakunywa asubuhi, kwa hiyo hafungi. Shekhe wa msikiti wetu alimweleza kwa upole kwamba yeye ni mgonjwa na mgonjwa ana udhuru, akamfundisha na habari ya fidia. Alisikia, lakini wakati wa kufuturu alikuwa anasubiri hadi wote tumekwisha kuonja, ndipo naye anyooshe mkono kwenye tende. Wanangu wadogo waliniuliza kwa nini anko anakula mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niombe ushauri kwa haraka. Shangazi na baba mkubwa wameamua mdogo wangu aoe. Wanasema kijana wa kiume akipata mke anatulia, na hiyo huzuni itaondoka yenyewe akipata mtoto. Binti ameshapatikana, ni mtoto wa watu, ana adabu, anashona nguo vizuri na ana wateja wake. Posa wanataka ipelekwe kabla ya mwezi kwisha, ndoa iwe mfungo sita. Upande wa binti wameambiwa tu kwamba mvulana "aliwahi kuumwa, sasa mzima."

Nilimuuliza mdogo wangu mwenyewe anasemaje. Akanijibu, "Dada, nikikataa watasema nimerudia." Basi, hilo ndilo jibu alilonipa. Hakusema anampenda yule binti wala hampendi. Nilipombana zaidi alisema hana uhakika kama ana cha kumpa mtu, na kwamba hata akimshika mtoto wangu mchanga anajilazimisha kutabasamu.

Zaidi ya hapo, shangazi anaiita methadoni "unga wa serikali." Anasema haiwezekani mwanamume akaoa huku kila asubuhi anapanga foleni ya kikombe. Nimemweleza kwamba dawa hii si jaribio la jana, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, baadaye ikafika hospitali nyingine na mikoani, na Zanzibar nako ipo. Ni matibabu kama mgonjwa wa kisukari anavyotibiwa kila siku na hakuna anayemwambia aache ili aoe. Hakunielewa. Kibaya zaidi, baadhi ya wenzake wa zamani aliokaa nao soba hausi, nyumba ya walioacha unga, kule Bagamoyo nao wanamwambia anayekunywa methadoni bado hajawa soba, yaani hajaacha ulevi kweli. Maneno hayo yamemwingia. Ameshaomba apunguziwe dozi ili afikapo mfungo sita awe ameimaliza. Daktari alimwambia kupunguza kunawezekana, ila ni kidogo kidogo, kwa miezi, na kwa mtu ambaye moyo wake umetulia, si katika hali aliyo nayo sasa. Mdogo wangu aliporudi nyumbani alisema, kama utani, kwamba anaweza kuacha kwenda tu.

Utani huo ulininyima usingizi. Mtaa wa pili kutoka hapa kuna kijana alitoka gerezani, akaenda kijiweni na kutumia kiasi kile kile alichokizoea kabla ya kufungwa. Mwili ulikuwa umeshasahau. Walimkuta asubuhi. Daktari alituonya hivyo hivyo, kwamba mtu aliyekaa muda bila unga, akiacha methadoni ghafla na kurudia, yuko hatarini kuliko hata yule anayetumia kila siku. Na alitukataza kabisa kumpa vidonge vya usingizi vya kununua mtaani, kwamba vikikutana na methadoni vinaweza kumkata pumzi akiwa amelala. Nimeshaona mtu akimnong'oneza mdogo wangu kuhusu vidonge hivyo, pale pale karibu na kliniki.

Ndugu zangu, mimi si daktari, nimeishia darasa la saba, lakini nina msimamo wangu. Naamini yule binti haolewi ili awe dawa ya mtu. Naye ana wazazi, ana haki ya kujua anaingia kwenye nyumba ya namna gani, ili akikubali akubali kwa macho yake. Na naamini mdogo wangu atampenda mke vizuri siku atakayoweza kufurahia papa wa nazi, sio leo. Shida ni kwamba mimi ni mwanamke, ni dada tu, na kwa desturi yetu neno la mwisho la posa ni la baba mkubwa na shangazi. Nikizuia wataniambia namfungia mtoto wa watu riziki yake. Nikimweleza binti au mama yake pembeni, nitakuwa nimeitoa siri ya ndugu yangu ambayo si yangu kuitoa, na huenda akaona hata mimi nimekuwa kama wale wanaohamisha pochi.

Naombeni mnishauri haya. Kwanza, nizungumze vipi na wazee wasogeze mbele posa bila wao kuhitimisha kwamba kijana karudia? Mume wangu anapendekeza tumpeleke shekhe azungumze nao, kwa kuwa ndiye pekee wanayemsikiliza na mdogo wangu anamwamini. Mimi ninaona ni wazo zuri, lakini nahofia shekhe naye atafurahia habari ya ndoa kuliko kuiahirisha.

Pili, kama wazee watashikilia, je, ni wajibu wa nani kumwambia binti ukweli? Ningependa aseme mdogo wangu mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa ametulia. Lakini nawezaje kumtia moyo aseme, wakati kila akisema ukweli wake huwa anaadhibiwa?

Tatu, nawauliza hasa ninyi mliopita njia hii, mliokunywa au mnaokunywa methadoni, na mlio soba. Ladha ilirudi? Ilianzia wapi? Wakati mko chini kabisa, mlitaka ndugu wawaulize, au wakae tu nanyi kimya? Mdogo wangu nikimuuliza sana anajifunga, nisipomuuliza naogopa. Amealikwa kwenye mikutano ya NA (Narcotics Anonymous), ya watu walioacha dawa za kulevya wanaosaidiana, inayofanyika jioni, kidogo anavutiwa, ila anahofia wale watakaomwambia methadoni ni ulevi. Kuna wa kumtuliza juu ya hilo? Na aliyewahi kuwa na sonona huku anatibiwa uraibu, alipata wapi mtu wa kumsikiliza siku ambayo si ya kazi?

Nne ni kuhusu mama. Nimefikiria tusome hitima ndogo, sisi watu wa nyumba hii tu, kwa ajili yake yeye ambaye hakuzika. Shangazi akisikia atasema hitima ya mama ilishasomwa na hatuna sababu ya kurudia. Mimi naona huyu mtoto hajapata matanga yake, na mtu hawezi kuvuka msiba ambao hakukaa. Je, nimekosea kufikiri hivyo? Mnaojua dini vizuri kuliko mimi nisaidieni, na mnaojua mambo ya akili pia.

Kikao cha wazee kimepangwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, baada ya swala, nyumbani kwa shangazi. Nitakuwepo, na baba mkubwa ameahidi kwamba safari hii wanawake nao watasikilizwa. Nawaomba sana mnijibu kabla ya siku hiyo.

Dada mtu,
Dar es Salaam