Padri na umaarufu wa mtandaoni

Mhariri,

Wito wa padri hauharibiwi na video moja iliyosambaa. Huliwa kidogo kidogo. Simu inasimamishwa altareni kando ya kikombe, homilia, yaani mahubiri ya Misa, inakatwa vipande vya sekunde 60, kisha usiku unaishia kwenye kujibu maoni. Masifu ya Asubuhi yanamkuta amelala, ingawa kanuni ya 276 ya Sheria za Kanisa inamdai sala hiyo kila siku. Huko kigangoni, tawi la parokia lililo mbali, mgonjwa anasubiri Komunyo.

Papa Leo XIV, alipokutana na wamisionari wa kidijitali, yaani wanaoeneza Injili mtandaoni, Roma Julai 2025, aliwakumbusha kwamba kazi yao si kuzalisha maudhui tu, bali kukutanisha mioyo.

Fedha ndiyo hatari kubwa zaidi. Anayetuma sadaka kwa namba binafsi ya padri humwona yeye, si parokia. Padri akihamishwa, sadaka humfuata. Tunawaomba sana maaskofu waagize: akaunti ibebe jina la parokia, nywila aijue pia katibu, michango iingie benki kwa sahihi mbili, na simu ibaki sakristia, chumba anamovalia mavazi ya Misa, mpaka muungamaji wa mwisho aondoke.

Makatekista,
Songea