Shukrani kwa mama aliyeshuka nasi Tabora

Namshukuru hadharani mama mmoja ambaye sikupata hata jina lake. Tulikuwa kwenye treni kurudi Kigoma na mwanangu, anayetibiwa saratani ya damu. Kifuani ana mpira wa dawa ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa. Usiku mkono wa upande ule ukavimba, mishipa ya begani ikatokeza. Abiria wakashauri tuukande kwa maji ya moto.

Yule mama, muuguzi mstaafu, akakataza: "Msiukande wala kuuchua!" Akapima mikono yote miwili kwa uzi, akamtazama shingoni, akasikiliza anavyopumua, kisha akasoma kadi ya kliniki. Alipoona dawa ya saratani iitwayo asparajinasi akanieleza taratibu: mpira hukera ukuta wa mshipa na kupunguza mwendo wa damu, na dawa ile hupunguza protini zinazozuia damu kuganda. Donge la damu likifanyika, linaweza kukatika na kwenda mapafuni.

Safari yake haikuishia Tabora, lakini alishuka nasi. Akatafuta bajaji, akamweleza daktari wa zamu kila kitu, akaomba ultrasaundi. Donge likaonekana, mtoto akaanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda. Nauli yake ilipotea na alikataa kabisa nimrudishie.

Uvimbe umepungua. Wazazi wenzangu, mtoto mwenye mpira akivimba mkono, shingo au uso, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Nawe mama, tupo Ujiji, mjukuu wako anakuulizia.