Pete yako haina cheti cha Kimberley, na hilo si kosa

Juzi kijana mmoja aliingia na mchumba wake dukani kwetu hapa Arusha kuchagua pete. Binti akaigeuzageuza almasi kwenye mwanga, akauliza, "Hii siyo zile za damu?" Kijana naye akadakia, "Basi tupeni na cheti chake cha Kimberley."

Tukamwambia hakipo. Akatutazama kama matapeli.

Cheti hicho, cha kuonyesha kwamba almasi si za damu, yaani hazifadhili waasi, hutolewa na serikali kwa almasi ghafi, zile ambazo bado hazijakatwa, zinapovuka mpaka ndani ya kasha lenye lakiri. Almasi za Mwadui, kule Shinyanga, huondoka nchini kwa utaratibu huo. Zikishakatwa na kung'arishwa, tuseme kwenye karakana za Surat, India, kazi ya cheti imekwisha. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "cheti cha Kimberley" cha jiwe la pete, mkimbie.

Mpango wenyewe wa Kimberley, ambao nchi zinautumia kutoa vyeti hivyo, ulianza 2003, baada ya waasi wa UNITA nchini Angola na RUF wa Sierra Leone kununua silaha kwa almasi walizochimba. Umesaidia, hatubishi. Ila kile mpango unachokiita almasi ya damu ni ile tu inayowalipia waasi wanaotaka kuiangusha serikali. Mwaka 2008 wachimbaji waliuawa na askari wa serikali huko Marange, Zimbabwe. Hayo hayamo kwenye maana hiyo. Mauzo ya Marange yalizuiwa kwa muda, kisha 2011 yakaruhusiwa, na shirika la Global Witness, lililokuwa mstari wa mbele kuupigania mpango huu, likajitoa mwaka huohuo.

Sisi tunachoweza kukupa ni hiki: ankara ya aliyetuuzia, yenye tamko kwamba mawe hayakutoka kwenye biashara ya kufadhili vita. Tunakuonyesha, na tamko hilohilo tunaliandika kwenye risiti yako. Ni neno la muuzaji, tusidanganyane, lakini lina jina na tarehe, na unaweza kumbana nalo. Ripoti ya maabara ni kitu kingine. Inakueleza uzito wa karati, rangi na usafi wa jiwe. Mgodi lilikotoka tusipoujua, tunasema hatuujui.

Tanzanite ya Mirerani haimo kabisa kwenye mambo ya Kimberley. Mpango ule ni wa almasi pekee.

Yule binti aliisoma ankara mstari kwa mstari, akairudisha, akachagua tanzanite. Tukamwonya kwamba ni laini kuliko almasi, aivue kila anapoosha masufuria.