Darasa la watoto wenye vipaji si mteremko

Mhariri,

Kila mwaka wa masomo unapoanza, utani ni uleule katika ofisi ya walimu: fulani aliyepangiwa darasa la watoto wenye vipaji maalumu ameula. Watoto wanajua kila kitu, yeye kazi yake ni kugonga vema tu. Nimefundisha madarasa hayo ya shule ya msingi kwa muda mrefu, na siku hizi huombwa kuwalea walimu wanaoyaingia kwa mara ya kwanza. Naomba nafasi niseme kwamba utani huo unawaponza.

Mwalimu mgeni akiona mtoto kamaliza zoezi wakati wenzake ndiyo kwanza wanaandika tarehe, humwongezea maswali mengine kumi ya aina ileile. Anadhani amempa heshima. Mtoto yeye anaona adhabu, naye ni mwepesi wa kujifunza: haichukui muda anaanza kuandika polepole, anachora magari pembeni mwa daftari, au anakosea makusudi ili asionekane amemaliza. Walimu wengine humgeuza mtoto huyo mwalimu msaidizi, akae na wanaosuasua. Mara mojamoja si vibaya, lakini mtoto wa miaka minane amekuja shuleni kufundishwa.

Jambo hili si geni. Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza watoto wa aina hii New York katika miaka ya 1920 na 1930, alikadiria kuwa mtoto mwenye IQ (alama ya kipimo cha akili, ambayo wastani wake ni 100) ya 140 hupoteza kama nusu ya muda wake katika darasa la kawaida. Sasa mwondoe huko, umpeleke darasa maalumu, kisha umpe yaleyale kwa wingi. Umemsaidia nini?

Ushauri wangu kwa mwalimu mpya ni kuanza mada kutoka mwisho. Chukua maswali matano magumu kuliko yote katika mada hiyo, uwape kabla hujafundisha chochote. Aliyepata manne au yote usimrudishe ukurasa wa kwanza. Mruhusu aruke anayoyajua, na muda uliookolewa utumike kwa kazi nyingine, si kazi zaidi. Joseph Renzulli, mtaalamu wa elimu wa Marekani, na wenzake wameitetea njia hii tangu miaka ya 1970, na bado naona walimu wakiiogopa kana kwamba mkaguzi amesimama mlangoni.

Kazi nyingine ni ipi? Badala ya hesabu 30 za kujumlisha, muulize jumla ya namba zote kuanzia 1 hadi 100, kwa sharti kwamba asiziandike zote. Mwache ahangaike. Atakuja kuona kuwa 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na jozi za namna hiyo ziko 50, basi jibu ni 5,050. Hapo usimsifu ukaondoka. Muulize: na ikiwa mwisho ni 101? Namba moja itakosa mwenzake, na ubishi utakaozuka utakula kipindi kizima.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunauogopa ubishi huo. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa, mwalimu kijana akaandika ubaoni 3 – 5 na kusema haiwezekani. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono: “Inawezekana, Mwalimu. Unabaki unadaiwa mbili.” Akaambiwa aketi, hayo ni ya madarasa ya juu. Somo zuri kuliko yote ya wiki lilikuwa limeletwa bure mezani kwake! Angeuliza tu, “Na anayedaiwa mbili akipewa tano?”, darasa lingejiendesha lenyewe. Kusema “sijui, tutafute” hakumvunjii mwalimu hadhi mbele ya watoto hawa. Wanayemdharau ni yule anayejifanya anajua, na humgundua haraka sana.

Kuna la machozi pia, ambalo vyuoni hatuelezwi vya kutosha. Mtoto anayesoma vitabu vya wenye miaka kumi na miwili bado atalia akinyang'anywa kifutio. Mwingine akipata 19 kwa 20 anachana karatasi. Hapa sifa zetu zinachangia. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo wazazi nao wapunguze kumwita mtoto “profesa” nyumbani, na waache kutuuliza getini ameshika namba ngapi.

Na orodha ya majina unayokabidhiwa usiichukue kama msahafu. Mwanasaikolojia wa Marekani Lewis Terman alipoanza kuwasaka watoto wenye akili nyingi huko California mwaka 1921, vipimo vyake viliwaacha nje William Shockley na Luis Alvarez, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Yule mkimya wa darasa la jirani anayesoma kwa kukwamakwama, lakini maswali yake yanakukosesha usingizi, mpendekeze.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Mnapomkabidhi mwalimu darasa hili kwa mara ya kwanza, mumpe mwenzake mzoefu wa kuingia naye darasani, na katika muhula wa kwanza mumpunguzie vipindi viwili vitatu, kwa sababu maandalio ya masomo haya hayanakiliwi kutoka daftari la mwaka jana.

Wako,
Mwalimu mlezi, shule ya msingi