Risala ya Wakulima na Wasafirishaji wa Viazi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Banda la Kufungashia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti,
Wakaguzi wa afya ya mimea mliofuatana na mgeni wetu,
Wakulima wenzetu, madereva, wachukuzi, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha kwenye uzinduzi wa banda hili la kuchambulia na kufungashia viazi. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na tunashukuru kwamba uliposikia ni banda la viazi umekuja mwenyewe, hukutuma mwakilishi.

Mheshimiwa, risala nyingi za wakulima huomba barabara, mbolea na mikopo. Hayo yote tunayahitaji, ila leo tumeamua kuzungumzia karatasi moja tu: cheti cha usafi wa mimea. Bila karatasi hiyo viazi vyetu havivuki mpaka, viwe vizuri namna gani.

Cheti hiki hakikubuniwa ili kumsumbua mkulima. Msingi wake ni Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea wa mwaka 1951, ambao nchi zilikubaliana kuzuia magonjwa na wadudu wasisafiri pamoja na mazao. Na kiazi kinastahili kutiliwa shaka kuliko mazao mengi. Kinatoka ardhini na udongo wake, tena kinasafiri kikiwa hai. Kiazi cha kula kikitupwa jalalani kinachipua, na kama kilibeba ugonjwa, ugonjwa huo umeshapata makazi mapya.

Wapo wenzetu wanaouliza kwa nini kiazi kipelekwe maabara wakati kwa macho hakina kasoro. Jibu ni mnyauko bakteria. Kiazi kinaweza kuubeba bila dalili yoyote, hasa kikilimwa penye baridi. Ugonjwa ukishakomaa, ukikikata unaona pete ya kahawia chini kidogo ya ganda, na ukikiminya ute mweupe unatoka kwenye pete hiyo. Au chukua kipande cha shina la mmea ulionyauka, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa: baada ya dakika chache nyuzi nyembamba kama za maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato. Kipimo hiki wanachama wetu wanakijua na wanakitumia. Lakini kinafaa kwa mmea uliokwisha kuugua. Kwa kiazi kilichobeba ugonjwa kimyakimya hakuna njia ila maabara.

Na maabara haiwezi kupima kila kiazi. Katika Umoja wa Ulaya, sampuli ya kawaida ya kupimia ugonjwa huu ni viazi 200. Vyote vikionekana safi, hesabu inaruhusu kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba viazi vyenye ugonjwa katika shehena hiyo havizidi asilimia 1.5 hivi. Ukitaka uhakika huohuo kwa kiwango cha asilimia 1, sampuli inapanda hadi karibu viazi 300. Hesabu hiyo ina maana pale tu viazi vinapochukuliwa bila upendeleo: magunia ya mbele na ya nyuma, viazi vya juu, vya katikati na vya chini kabisa. Anayemsogezea mkaguzi magunia yaliyopangwa vizuri mlangoni anaharibu kipimo, na hasara atakutana nayo upande wa pili wa mpaka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukali wa jambo hili unaonekana katika yaliyowapata wakulima wa Kisiwa cha Prince Edward nchini Kanada. Mwezi Oktoba 2021 ugonjwa wa chunjua wa viazi uligunduliwa katika mashamba mawili. Mwezi uliofuata, Kanada yenyewe ilisimamisha viazi vibichi vya kisiwa kizima kwenda Marekani, soko lao kubwa, kabla Marekani haijalazimika kufunga mlango. Chunjua haimdhuru mlaji. Tatizo lake ni kwamba vijimbegu vyake hukaa udongoni zaidi ya miaka 40 vikisubiri kiazi, na hakuna dawa ya shambani inayoviondoa. Majira ya baridi yale, wakulima ambao mashamba yao hayakuwa na ugonjwa waliharibu viazi vyao kwa mashine, wakavimwaga juu ya theluji. Viazi vya kula viliruhusiwa tena Aprili 2022, kwa masharti: vitoke mashamba yasiyo na ugonjwa, vioshwe, vitiwe dawa ya kuzuia kuchipua, na vikaguliwe kufikia daraja la kwanza la Marekani. Viazi vya mbegu vilibaki nyuma.

Tumelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu bado tunamsikia mtu akisema, "Shamba langu ni langu." Mpakani si lake peke yake. Ndiyo maana katika banda hili kila shehena itakaa peke yake na namba ya shamba ilikotoka, na viazi vya mtu asiyesajiliwa havitaingia, hata akiwa shemeji wa mwenyekiti. Mwenyekiti yupo na amekubali.

Karatasi nazo zina nidhamu yake. Cheti hutolewa na taasisi ya serikali yenye dhamana ya ulinzi wa mimea, hakitolewi na wakala wala na kampuni ya usafirishaji. Jina la kisayansi la zao, Solanum tuberosum, linatakiwa liwepo. Nchi inayonunua ikidai tamko la ziada, kwa mfano kwamba viazi vimetoka eneo lisilo na minyoo ya vifuko, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya viazi, tamko hilo liandikwe kama lilivyodaiwa. Kufuta au kusahihisha kwa kalamu bila idhini ya aliyekitoa kunakibatilisha. Kuna na paleti, yaani vitako vya kupangia mizigo, ambazo watu husahau: za mbao lazima ziwe zimetibiwa kwa njia inayokubalika, kwa mfano kupashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mpaka kiini cha mbao, na zigongwe muhuri wa kimataifa. Viazi safi juu ya paleti isiyo na muhuri vinaweza kukwama vilevile.

Wengi pia huchanganya usafi na ubora. Cheti cha usafi wa mimea hakisemi kwamba kiazi ni kizuri, kinasema tu hali yake kuhusu magonjwa na wadudu. Ubora una viwango vyake. Kile cha Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, kwa mfano, kinavumilia ukijani hafifu usiozidi moja ya nane ya uso wa kiazi, mradi unaondoka kwa kumenya kwa kawaida. Kiazi kinaweza kufaulu huku kikaanguka kule.

Sasa maombi yetu. Hatuombi kulegezewa masharti, maana anayelegezewa leo ndiye anayefungiwa soko kesho. Tunaomba ukaguzi uanze mapema. Dalili nyingi husomeka majani yakiwa bado ya kijani. Mkaguzi anayefika lori likiwa limeshapakiwa ameletwa kusaini, hakuletwa kukagua. Atembelee mashamba angalau mimea ikiwa hai, kisha tena hapa bandani wakati wa kufungasha, na lori lifungwe lakiri mbele yake.

Tunaomba pia masharti ya kila nchi inayonunua yatangazwe kabla ya msimu wa kupanda. Sharti la kupima udongo haliwezi kutekelezwa na mtu aliyekwisha kuvuna. Majibu ya maabara nayo yaje kwa muda unaojulikana, hata kama ni mrefu, ili tupange uvunaji kwa kuyafuata. Viazi vilivyooshwa na kufungashwa havisubiri. Vikikaa kwenye joto vinatoa maji na kuoza, na vikikaa kwenye mwanga vinageuka kijani.

Mwisho, tunaomba taasisi yako iharakishe cheti cha kielektroniki. Mfumo wa kubadilishana vyeti hivyo kati ya nchi na nchi upo tayari chini ya mkataba tulioutaja. Afisa wa upande wa pili akikipokea cheti moja kwa moja kutoka kwa mwenzake, hapati sababu ya kushuku muhuri, na dereva hatalala mpakani kwa sababu karatasi imeloa mvua.

Mheshimiwa, baada ya risala hii tutakuomba ufungue banda, kisha wakaguzi watachukua sampuli ya kwanza kutoka shehena iliyopo ndani. Hatujaipanga. Watachagua wenyewe gunia la kuanzia.

Tunaomba kuwasilisha.