Barua kwa Zuhura kuhusu kiyoyozi cha gari-nyumba

Mpendwa Zuhura,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wote ulio nao safarini. Sisi huku hatujambo. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie Rehema kwamba picha zake zimefika.

Nimefanya haraka kukujibu kwa sababu ya yale machache uliyoyaandika mwishoni mwa barua yako, kana kwamba ni jambo dogo: kwamba kiyoyozi cha gari-nyumba lenu kinanguruma mchana kutwa bila kupoza, kwamba fundi amesema gesi imekwisha na mashine nzima ibadilishwe, na kwamba mama siku hizi anashinda amelala na maji hayataki. Hilo la mama ndilo lililonitia hofu zaidi, na nitalifikia. Lakini kwanza nakusihi usinunue mashine mpya kabla hujamwuliza fundi huyo swali moja: je, alipima umeme unaofika garini wakati kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea, ikiwa inafanya kazi?

Nauliza hivyo kwa sababu umeniambia mwenyewe kwamba usiku wa manane kiyoyozi hichohicho hupoza mpaka Rehema anaomba blanketi. Mashine iliyoishiwa gesi haipozi mchana wala usiku. Tena viyoyozi vingi vya paani hutoka kiwandani vikiwa vimefungwa kabisa, mabomba yamechomelewa, hakuna mahali pa kuunganishia geji ya kupimia gesi kama ilivyo kwenye kiyoyozi cha gari dogo. Gesi yenyewe haitumiki ikaisha. Ikipungua ni kwamba inavuja, na penye uvujaji mara nyingi huonekana mafuta. Kama hakuyaona mafuta hayo na hakupima chochote, basi aliyoyasema ni dhana tu, na dhana haitoshi kukutoa fedha nyingi kiasi hicho.

Mimi nashuku umeme. Umeandika kwamba kambi imejaa, na kwamba nguzo ya umeme iko mbali kiasi cha kuwalazimu kutumia waya mrefu wa ekstensheni. Saa za alasiri kila gari hapo linawasha kiyoyozi, volti zinashuka, kisha zinashuka tena ndani ya waya huo mrefu, hasa ukiwa mwembamba. Kompresa inayopata volti pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi wa umeme, inapata moto, na kinga yake ya joto inaizima. Feni haina shida hiyo, kwa hiyo inaendelea kuzunguka na kupuliza hewa ya chumbani vilevile ilivyo, na mtu aliye chini anaamini kwamba mashine inafanya kazi. Usiku watu wanazima vyao, umeme unapanda, na kila kitu kinarudi sawa. Sioni maelezo mengine yanayolingana hivyo na ulivyosimulia.

Mwombe Shabani achukue multimita, kile kipima-umeme, apime kwenye soketi ya ndani ya gari alasiri, kompresa ikiwa imewaka, kwa maana kipimo kinachochukuliwa mashine ikiwa imezimwa hakisemi lolote. Volti zisishuke kwa zaidi ya asilimia 10: kwa mashine ya volti 120 mpaka wake ni 108, na kwa ile ya 230 ni 207. Zikishuka chini ya hapo, kizimeni mara moja, kwa sababu kompresa inayolazimishwa kufanya kazi hivyo huungua kweli, na hapo neno la fundi litatimia kwa njia nyingine. Aguse pia, kwa nje tu, plagi za ncha zote mbili za waya. Zikiwa za moto au zimeanza kuwa nyeusi, ugonjwa umeshaonekana. Dawa yake ni waya mfupi na mnene zaidi, au kuhamia karibu na nguzo, na kutowasha jiko la umeme wala hita ya maji wakati kiyoyozi kinafanya kazi.

Umeme ukiwa mzuri na bado kompresa inavuma kidogo, inalia tiki na kunyamaza, nitashuku kapasita inayoisaidia kuanza. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko mashine, nacho hudhoofika kwa joto la paani. Tafadhali Shabani asikiguse kwa mkono, maana huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kukitoa chaji na kukipima.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hulipita. Ndani ya dari, juu ya ile grili, kuna kizuizi kinachotenganisha hewa baridi inayotoka na hewa ya chumbani inayovutwa. Kikiwa na mwanya, hewa baridi inarudi mashineni kabla ya kuwafikia ninyi, na wakati mwingine koili, yaani mabomba yanayopoza hewa, inaganda barafu kabisa. Zimeni umeme, mfungue grili na kuangalia kwa tochi. Mianya hiyo huzibwa kwa tepu ya alumini. Mkiwa hapo, osheni kichujio na kukikausha. Mkikuta barafu, msiikwangue: zimeni upozaji, muache feni pekee izunguke mpaka iyeyuke.

Kisha pimeni joto la hewa inayoingia kwenye grili na ile inayotoka, baada ya mashine kufanya kazi kama dakika 20. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 9 na 12 za Selsiasi, mashine ni nzima, na adui aliyebaki ni jua. Kuta za gari-nyumba ni nyembamba, madirisha yake ni mengi, na kiyoyozi cha BTU 13,500 kwa saa huondoa joto la takribani kilowati 4 tu. Kiwasheni asubuhi, kabla kuta na magodoro havijashika joto, kwa sababu kuliondoa joto saa nane mchana ni kama kuteka maji kwa pakacha. Zibeni kioo cha mbele na matundu ya dari kwa vizuizi vinavyoakisi mwanga, kunjueni turubai la kivuli upande wa jua, na mapishi yote yafanyike nje.

Sasa mama. Mtu mzima wa umri wake anaweza kupungukiwa maji bila kuhisi kiu, kwa hiyo usingoje aombe. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Kama anatumia dawa za presha, zungumza na daktari wake, kwani baadhi yake huongeza hatari wakati wa joto. Mloweshe shingo na mikono kwa kitambaa cha maji ndipo umwelekezee feni. Hewa ikifika nyuzi 40, feni peke yake humpulizia joto tu. Akianza kuchanganyikiwa maneno, au ngozi yake ikiwa ya moto sana na haamki vizuri, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo huku mkimmwagia maji njiani. Kulala kwake mchana kunanisumbua, Zuhura. Kama upozaji haujatengemaa leo, mhamishie kwenye nyumba yenye baridi, hata kama yeye atakataa kuwasumbua wenyeji.

Na msilete jenereta karibu na madirisha kwa ajili ya kuongeza umeme. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Nijibu haraka. Waya huo una urefu gani, na ni mnene kiasi gani? Kompresa huzimika saa ngapi hasa, na hujirudisha yenyewe? Fundi alipanda paani kweli au alisikiliza akiwa chini? Je, yule jirani wa kambi ambaye Hamisi alimtaja analalamika vivyo hivyo alasiri? Mama amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, na anakojoa kama kawaida? Na umeshamlipa fundi chochote? Kama bado, mwambie angoje vipimo vya Shabani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi